Kamera kubwa ya mtumba: Pima kazi yako kabla ya kutoa mtaji

KATI ya bidhaa zinazovuka mipaka yetu bila gunia wala kamba, kamera ni mojawapo. Inakuja kwenye begi la mgongoni, imezungushiwa sweta au kanga, na aliyeibeba huitaja kwa jina lake kama mfugaji anavyomtaja ng'ombe wake: 5D, Mark II, D700. Kamera hizi zilipotoka kiwandani zilikuwa za wapiga picha wenye fedha. Leo zinauzwa mitumba, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mwanzo, na vijana wengi wanaotaka kufungua studio upande huu wa mpaka wanazitamani.

Swali wanalouliza ni moja: je, ninunue hiyo kubwa? Nimelisikia kutoka kwa vijana niliowafundisha darasani, na kutoka kwa ndugu waliorejea nyumbani na akiba ya miaka kadhaa mfukoni. Si swali dogo. Kwa mtu aliyeanza upya, mtaji ni mmoja, na ukiishia kwenye chombo kisichoendana na kazi yake hakuna mwingine wa kuuweka mahali pake. Ndiyo maana makala haya yanajaribu kulijibu kwa hesabu, si kwa sifa za muuzaji. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kuna vizuri vingine ambavyo si vya kila mtu.

Fremu kamili maana yake nini?

Ndugu msomaji, wale tuliopigwa picha enzi za filamu tunaikumbuka ile negativu iliyokuwa ikirudishwa pamoja na picha baada ya kusafishwa. Kila picha katika mkanda ule ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera ya dijitali haina mkanda, ina kihisi, yaani kile kibao kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kihisi kikiwa na ukubwa ule ule wa negativu, kamera huitwa ya fremu kamili.

Kamera nyingi za kioo zinazoonekana mitaani, zile ndogo zinazouzwa pamoja na lenzi ya 18-55, zina kihisi kidogo zaidi. Kwa Canon ni takribani milimita 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona kwamba eneo la fremu kamili ni milimita za mraba 864, na la ile ndogo ni kama 332. Kubwa inaizidi ndogo karibu mara 2.6. Shikilia namba hiyo, kwa sababu ndiyo msingi wa bei yote inayotajwa sokoni.

Kamera tatu zinazokutana nasi sokoni

Canon ilitangaza EOS 5D mwezi Agosti mwaka 2005 kwa dola 3,299, bila lenzi. Kabla yake, fremu kamili za kampuni hiyo, kuanzia EOS-1Ds ya mwaka 2002, zilikuwa za bei ya juu zaidi. Kwa hiyo 5D ndiyo iliyofungua mlango kwa mpiga picha wa harusi ambaye hana gazeti wala kampuni nyuma yake. Ina megapikseli 12.8, inapiga picha 3 kwa sekunde, na ISO yake ya kawaida inaishia 1600, ikiongezwa hadi 3200.

Mwezi Septemba 2008 ikafuata EOS 5D Mark II kwa dola 2,699. Hii ina megapikseli 21.1, picha 3.9 kwa sekunde, ISO hadi 6400, nayo inaweza kusukumwa hadi 25,600. Zaidi ya hayo, ilirekodi video ya upana wa pikseli 1920 kwa kimo cha 1080, jambo lililowashangaza wengi wakati ule. Mwezi Mei 2010 kipindi cha mwisho wa msimu cha tamthilia ya Marekani iitwayo House kilioneshwa kikiwa kimerekodiwa kwa kamera hiyo. Tangu hapo watengenezaji wengi wa video za muziki na harusi duniani waliikimbilia.

Nikon nayo ilitangaza D700 tarehe 1 Julai 2008 kwa dola 2,999. Megapikseli zake ni 12.1 tu, lakini inapiga picha 5 kwa sekunde, ina alama 51 za kulenga, na ISO ya kawaida hadi 6400. Haina video kabisa. Ina flashi ndogo juu ya kichwa, ambayo zile mbili za Canon hazina.

Kwa nini leo zimejaa kwenye mitumba? Sababu ni kwamba wenye fedha wamehama. Mwaka 2013 Sony ilitoa A7, kamera ya fremu kamili isiyo na kioo ndani. Mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakaingia njia hiyo. Mpiga picha wa Ulaya anayenunua ya kisasa huiuza ya zamani, na ile ya zamani husafiri hadi kwetu. Si kwamba imeharibika. Zamu yake ya kwanza imekwisha, na sisi tunaangalia kama ina zamu ya pili.

Faida yake ya kweli ni gizani

Turudi kwenye ile namba ya 2.6. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa picha ile ile, kama vile beseni pana linavyokinga mvua nyingi kuliko kikombe. Jua likiwa limewaka hutaona tofauti, kwa kuwa hata kikombe hujaa. Tofauti huonekana ukumbini saa moja jioni, taa ni mbili, nyingine imezimika, na bibi harusi anavishwa pete.

Hapo kamera ndogo inabidi ipandishe ISO, na picha inajaa chengachenga kama mchanga uliomwagwa kwenye uso. Kwa vihisi vya kizazi kimoja, chenga unazozipata kwenye kamera ndogo ikiwa ISO 1600, kwenye fremu kamili utazipata ISO ikikaribia 4000. Kwa kipimo changu, picha ya Mark II iliyopigwa ISO 3200 husafishwa kwa ukubwa wa A4 bila kumwaibisha aliyeipiga. D700 nayo ni hivyo hivyo, na sehemu zake zenye giza huwa laini zaidi. Mark II ina kasoro moja inayojulikana: ukijaribu kuangaza kwenye kompyuta sehemu iliyokuwa giza sana, mistari hujitokeza kama kitambaa kilichofumwa vibaya. Kwa hiyo piga picha yenye mwanga sahihi tangu mwanzo, usitegemee kuirekebisha baadaye.

Neno la tahadhari ni kwamba vihisi vidogo navyo havikusimama mahali pamoja. Kamera ndogo ya miaka ya 2015 na kuendelea imepunguza pengo lile dhidi ya fremu kamili ya mwaka 2005 au 2008. Muuzaji akikuambia kwamba fremu kamili siku zote ni bora, muulize ya mwaka gani dhidi ya ya mwaka gani.

Nyuso nyeusi na gauni jeupe

Kuna jambo ambalo vitabu vya kamera huligusa kwa haraka, na kwetu ndilo kazi yenyewe. Kipima mwanga cha kamera yoyote, iwe kubwa au ndogo, hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera husema "mwanga umezidi" na kuupunguza. Gauni linakuwa la kijivu na uso wa bibi harusi unapotea kabisa. Ukimlenga bwana harusi mwenye suti nyeusi na ngozi nyeusi, kamera husema "giza" na kuongeza mwanga, na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu.

Dawa yake haina gharama. Gauni likitawala picha, ongeza mwanga kwa hatua moja kwenye kipimo cha nyongeza. Suti na uso vikitawala, punguza. Tena piga faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW kwenye menyu, kwa sababu zinatunza rangi ya ngozi kuliko JPEG. Kihisi kikubwa husaidia kwa kuwa kinashika gauni na uso kwa wakati mmoja bila kimoja kuteketea, lakini hakifanyi kazi hii kwa niaba yako. Anayeshindwa kupima mwanga kwa kamera ndogo atashindwa pia kwa kubwa, isipokuwa atakuwa ameshindwa kwa gharama zaidi.

Kazi ambazo haihitajiki

Tuhesabu sasa kazi za studio ya kawaida mpakani, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni picha za pasipoti na vitambulisho. Picha yenye upana wa sentimita 3.5 na kimo cha sentimita 4.5 haihitaji megapikseli 12, seuze 21. Inahitaji ukuta mweupe, taa mbili na mkono uliotulia.

Ya pili ni picha za familia ndani ya chumba. Hapa wauzaji wa fremu kamili wana hoja. Ukitumia lenzi ya 50 kumpiga mtu aliyesimama wima, ukamwachia nafasi kidogo juu na chini ili picha ishike mita 2, fremu kamili inakutaka usimame kama mita 2.8 kutoka kwake. Kamera ndogo ya Canon na lenzi hiyo hiyo inakutaka urudi nyuma hadi mita 4.5. Katika chumba cha kupanga cha mita nne utakuwa umeshagonga ukuta. Hata hivyo ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ndogo inalimaliza tatizo hilo, kwa kuwa unaipanua tu. Chumba kidogo peke yake si sababu ya kununua kamera kubwa.

Ya tatu ni kazi ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua kwa uchungu. Ni kunakili picha kuukuu. Watu waliokimbia hawakubeba albamu. Familia nyingi zilizorejea zina picha moja tu ya babu au ya mama, ya sentimita 9 kwa 13, yenye mikunjo na doa la maji. Watoto ni saba, kila mmoja ametawanyika, na kila mmoja anataka nakala yake. Mpiga picha anayeifanya kazi hii vizuri hakosi wateja, na pia anafanya jambo la heshima.

Hapa kuna jambo litakalowashangaza wengi. Lenzi ya Canon ya 50 f/1.8, ile nyepesi ya zamani, haisogei karibu zaidi ya sentimita 45 kutoka kwenye kitu kinachopigwa. Kwa umbali huo fremu kamili inaona eneo la sentimita 24 kwa 16, kwa hiyo picha ya babu inachukua kama nusu tu ya upana. Ukiwa na Mark II unapata pikseli kama 3,000 juu yake. Kamera ndogo yenye megapikseli 18, kwa mfano Canon 600D, inaona sentimita 15 kwa 10 tu, na picha ya babu inakaribia kuijaza yote. Unapata pikseli kama 4,500. Kwa lenzi hii na kazi hii, ndogo imeishinda kubwa.

Ya nne ni harusi, kutoa mahari, komunyo, maulidi na mikutano ya jioni. Ya tano ni picha kubwa za kutundika ukutani. Kwa pikseli 300 kwa inchi, faili ya 5D ya kwanza inatoa picha ya sentimita 37 kwa 25, ya D700 sentimita 36 kwa 24, na ya Mark II sentimita 48 kwa 32. Zote tatu zinavuka A4 kwa raha. Mteja wako akitaka kubwa kuliko hapo, Mark II ndiyo inayosimama mbele. Kazi hizi mbili za mwisho ndizo kiwanja cha fremu kamili. Kama hazikuletei angalau nusu ya mapato yako, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Lenzi kwanza, mwili baadaye

Tuseme una kamera ndogo na lenzi yake ya 18-55. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Sasa weka lenzi ya 50 yenye f/1.8. Mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Linganisha na ile faida ya fremu kamili, mara 2.6. Lenzi mojawapo ya zile za bei nafuu zaidi katika orodha ya Canon imekupa mwanga zaidi ya mara tatu kuliko ile faida ya kubadilisha kamera nzima.

Bila shaka lenzi ya f/1.8 ina masharti. Tundu likiwa wazi kabisa, anayelengwa anaonekana vizuri na walio nyuma yake wanafifia. Hilo ni pambo kwa picha ya bibi harusi peke yake, lakini ni balaa kwa picha ya ukoo mzima wa safu tatu. Kwa ukoo, funga tundu hadi f/8 na utumie flashi. Ndiyo maana flashi ya kuelekezwa darini nayo inatangulia kamera kubwa katika orodha ya manunuzi.

Anayenunua fremu kamili ajue pia kwamba lenzi zake za zamani huenda zisifuate. Lenzi za Canon zenye alama EF-S hazifungiki kabisa kwenye 5D. Za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo zinaweza kufungika, lakini pembe za picha zitakuwa nyeusi kama unachungulia kwenye bomba. Kwa Nikon, lenzi za DX zinafungika kwenye D700, ila kamera inakata picha na kukuachia megapikseli 5 tu. Kwa hiyo bei ya mwili unayotajiwa si bei ya kuanza kazi. Ongeza lenzi, ongeza kadi za aina ya CF na kisomeo chake, ongeza betri ya pili. Kumbuka na kompyuta: faili ghafi moja ya Mark II ni kama megabaiti 25, na harusi ya picha 1,000 ni gigabaiti 25.

Ikague kabla ya kulipa

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda mchana, uwe na betri iliyojaa, kadi yako mwenyewe, lenzi yako kama unayo, na tochi. Muuzaji anayekataa kukupa nusu saa ameshakujibu.

Anza na shata, kile kipazia kinachofunguka kila unapobonyeza. 5D ilitengenezwa kwa makadirio ya mibonyezo 100,000, Mark II na D700 kwa 150,000 kila moja. Mpiga picha anayebonyeza mara 1,000 kwa harusi huimaliza Mark II kwa harusi 150. Kwa Nikon, hesabu hiyo imo ndani ya kila picha na inasomwa kwa programu ya kompyuta. Kwa Canon hizi haionekani kwenye menyu wala kwenye picha, hivyo kwa Mark II inabidi kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu. Bila hesabu hiyo, iangalie kamera inavyozungumza: mpira uliobanduka, rangi iliyokwisha kwenye kona, vitufe vilivyofutika maandishi. Kamera ya harusi 20 haifanani na ya harusi 200.

Pili, angalia vumbi na mikwaruzo ya kihisi. Weka tundu f/16, piga picha ya karatasi nyeupe au anga, kisha ikuze. Nukta zilizofifia ni vumbi, husafishwa. Mstari mkali usiosogea hata baada ya kusafisha ni mkwaruzo, achana nayo. 5D ya kwanza haina mtambo wa kujitikisa vumbi, Mark II na D700 wanao. Kwa barabara zetu za udongo mwekundu hilo si jambo dogo.

Tatu, funika lenzi na upige picha ya sekunde 30 gizani. Nukta chache zenye rangi ni kawaida kwa kamera ya umri huu. Zikiwa nyingi kama nyota za kiangazi, kihisi kimechoka.

Nne, pima ulengaji. Laza gazeti mezani, simama upande kwa mshazari, fungua tundu lote na ulenge mstari mmoja. Mstari uliolenga ndio uwe mkali. Mark II na D700 zina menyu ya kusahihisha kosa dogo la ulengaji, 5D ya kwanza haina. Katika Mark II alama ya kati ndiyo ya kutegemewa zaidi gizani, za pembeni ni dhaifu. Hapa D700 inaiacha mbali.

Tano, chungulia tundu la kadi kwa tochi. Sindano za CF hupinda kwa mtu mwenye haraka, na moja ikipinda kamera haiandiki picha. Angalia na kioo cha ndani. Katika baadhi ya 5D za kwanza kioo kilibanduka, na Canon yenyewe ilizitengeneza bure wakati wake. Muulize muuzaji kama hiyo yake ilipitia matengenezo hayo.

Sita, lenzi. Ielekeze kwenye mwanga na uichungulie kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe kama za utando wa buibui ni ukungu, nao huenea. Lenzi ya namna hiyo usiiweke begi moja na nyingine hata ukipewa bure.

Mwisho, kwa wanaotaka video: Mark II inakatika kila baada ya dakika kama 12, kwa sababu faili moja haivuki gigabaiti 4. Ina tundu la maikrofoni, haina la kusikilizia. Hakikisha programu yake ya ndani imeshasasishwa, kwani sasisho la mwaka 2010 ndilo lililoongeza kasi ya picha 25 kwa sekunde na uwezo wa kurekebisha sauti mwenyewe. Kurekodi ibada nzima bila kukatika siyo kazi yake.

Risiti na mpaka

Wafanyabiashara wa mpakani wanakijua kile cheti chepesi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Wapo wanaodhani kinafunika kila kitu. Cheti kile ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, kama maharage na mchele. Kamera ya Japani haimo, hata kama umeinunua Ngara au Kigoma. Iulizie kwa forodha kabla, si baada ya begi kufunguliwa mezani.

Dai risiti yenye namba ya mwili wa kamera, na uilinganishe na namba iliyochongwa chini yake. Namba iliyokwanguliwa ni ishara ya mali ya wizi. Aliyepata shida kuthibitisha kiwanja chake kwa kukosa karatasi hahitaji kufundishwa thamani ya risiti.

Uamuzi

Baada ya hesabu zote hizo, msimamo wangu ni huu. Anayeanza studio ya pasipoti, familia na kunakili picha kuukuu asinunue fremu kamili. Achukue kamera ndogo yenye afya, lenzi ya 50 f/1.8, flashi moja na taa mbili. Fedha itakayobaki iwe ya karatasi na wino.

Ambaye tayari ana wateja wa harusi na shughuli za jioni, na ana lenzi mbili nzuri, anaweza kununua kwa moyo mkunjufu. Kama picha peke yake ndiyo kazi yake, D700 iliyotunzwa ni chombo cha kazi ngumu, inalenga haraka na haibabaiki gizani, ingawa uzito wake wa gramu 995 utausikia shingoni. Kama anataka picha kubwa za ukutani na vipande vifupi vya video, achukue Mark II. 5D ya kwanza inatoa ngozi nzuri sana mchana, lakini umri wake na ISO yake vinaifanya iwe ya kununuliwa kwa bei ya chini kabisa, au isinunuliwe.

Zote tatu zina fadhila moja ambayo kamera za kisasa zisizo na kioo mara nyingi hazina. Kwa kuwa unachungulia kwa kioo na si kwa skrini, betri inadumu. Canon ilikadiria picha 850 kwa betri moja ya Mark II. Mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, namba hiyo ina uzito kuliko megapikseli.

Mteja hatakuuliza kihisi chako kina milimita ngapi. Ataipokea picha, ataisogeza mlangoni penye mwanga, na atatafuta sura ya mama yake. Akiiona ilivyo, atakulipa na atamleta jirani.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari huko Muyinga. Alisoma Ulyankulu, Tabora, kabla ya kurejea Burundi, na hupiga picha za harusi siku za Jumamosi.